Karatasi ya maabara ina herufi L tatu. Mzee atapona?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Baba yangu ana miaka 67, anaishi Ahero na ni mkulima wa mpunga. Ana ugonjwa wa sukari lakini anameza dawa zake vizuri. Siku tano zilizopita alianza kuumwa na koo, kukohoa, homa na mwili kuchoka. Jana nilimleta Kisumu kwenye kliniki moja hapa Kondele. Kipimo cha malaria cha kidoleni hakikuonyesha kitu, cha puani kikaonyesha korona. Wakamtoa damu mkononi, na karatasi ikarudi na herufi L mara tatu: WBC 3.6, LYM 0.6, PLT 118. NEU ni 2.6 na haina alama. Tukaambiwa ni virusi tu, apumzike na anywe maji mengi. Jirani yetu aliyewahi kufanya kazi maabara alipoiona karatasi akasema limfosaiti zikishuka chini ya moja mgonjwa hatoboi, tumpeleke alazwe leo hii na tumwanzishie deksamethasoni. Baba mwenyewe anakula, anaongea, na anataka kurudi kwa mpunga wake. Je, hii damu inasema atapona au hatapona? – Akinyi (si jina langu halisi), Kisumu

JIBU: Akinyi dada yangu, pole kwa kuuguza. Nianze na kile ulichokitia mwishoni kana kwamba si kitu: baba anakula, anaongea, na anataka kurudi shambani. Kwangu mimi sentensi hiyo ni nzito kuliko zile L tatu, yaani Low, namba iliyo chini ya kiwango cha mashine. Hata hivyo L zenyewe si za kutupa. Moja kati yake ni ya kweli, moja huenda si ugonjwa kabisa, na ya tatu inauliza swali ambalo kliniki haikulimaliza. Wacha niende kwanza kwa ile iliyowanyima usingizi.

LYM ni limfosaiti. Hiyo 0.6 maana yake ni limfosaiti 600 katika kila mikrolita ya damu, yaani tone la ukubwa wa kichwa cha pini. Mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 1,000 na 4,000 hivi. Hizi ndizo chembe nyeupe zinazoshughulika na virusi hasa: nyingine huua seli zilizokwisha kuvamiwa, nyingine hutengeneza kingamwili. Swali ambalo kila mtu huniuliza ni hili: mbona adui anapoingia askari ndio wanapungua, badala ya kuongezeka?

Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba wamehama. Virusi vikishika mapafu, mwili hutoa kemikali za tahadhari, mojawapo ikiitwa interferoni, na kemikali hizo hufanya limfosaiti zitoke kwenye mishipa ziende kujipanga kwenye tezi na kwenye mapafu yenyewe. Damu tunayoichota mkononi ni barabara tu. Ukipita Kondele siku Gor Mahia inacheza Mamboleo ukakuta njia imepwaya, hutasema Kisumu imehamwa, utajua watu wako uwanjani. Sehemu nyingine ya jibu si nzuri hivyo: baadhi ya limfosaiti hufa kweli, kwa sababu zile kemikali za tahadhari zikizidi zinaziua, na uboho wa mifupa unaozizalisha nao huzembea kwa muda. Kadiri ugonjwa ulivyo mkali ndivyo sehemu hii ya pili inavyokua, na ndivyo idadi inavyokaa chini kwa siku nyingi. Hapo ndipo kipimo hiki kilipopata heshima yake kama kipimo cha kubashiri.

Na heshima hiyo ni ya haki. Katika ugonjwa wa SARS, ndugu wa korona, wa mwaka 2003 kule Hong Kong, kati ya wagonjwa 157 walioelezwa katika ripoti moja ya hospitali, asilimia 98 limfosaiti zao zilishuka wakati fulani wa ugonjwa. Homa ya mafua hufanya vivyo hivyo siku za mwanzo, kisha zinarudi. Surua ndiyo mbaya zaidi kwa jambo hili kwa sababu virusi vyake vinaingia ndani ya limfosaiti zenyewe. Korona ilipokuja, madaktari wa China walikusanya habari za wagonjwa 1,099 na kuzichapisha mapema mwaka 2020. Asilimia 83 ya wale waliopimwa walikuwa na limfosaiti chini ya 1,500 siku waliyoingia hospitalini, na wale waliozidiwa walikuwa nazo chache zaidi kuliko wenzao. Takwimu hiyo imezunguka dunia nzima, na nadhani ndiyo iliyomfikia jirani yenu.

Lakini soma takwimu ya pili katika ripoti ileile. Hadi inaandikwa, waliofariki kati ya hao 1,099 walikuwa asilimia 1.4. Wengi walikuwa bado wamelazwa, kwa hiyo hesabu haikuwa imefungwa. Hata hivyo angalia pengo: zaidi ya watu wanane kati ya kila kumi walikuwa na hiyo L, na waliokufa hawakufika wawili kwa mia. Jirani amegeuza maneno. Ni kweli kwamba wengi waliokufa walikuwa na limfosaiti chini. Si kweli kwamba mwenye limfosaiti chini atakufa. Baba yako anaujua mfano wa jambo hili kuliko mimi, kwa kuwa anaishi chini ya mto Nyando: mafuriko ya Ahero hutanguliwa na mawingu mazito juu ya milima ya Nandi, lakini mawingu mangapi amewahi kuyaona juu ya Nandi na mpunga ukabaki mkavu?

Nilikuwa zamu huko Kisumu mwezi Juni 2021, wakati kaunti 13 za ukanda wa ziwa na magharibi zilipowekewa masharti makali. Kila asubuhi tulikuwa tunapanga karatasi za hemogramu, kipimo hiki cha kuhesabu chembe za damu, kama karata, tukitafuta nani wa kumtazama kwanza. Ninakumbuka bwana mmoja aliyekuwa na limfosaiti 400, akawa analalamikia ugali wa hospitali kuwa baridi. Alitoka kwa miguu yake siku ya tisa. Ninamkumbuka mwingine aliyekuwa na 1,300, hana alama yoyote kwenye karatasi, ila alikuwa akivuta pumzi 36 kwa dakika huku akituambia yuko sawa. Huyo hatukumwokoa. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kumhesabia mgonjwa pumzi kabla ya kufungua bahasha ya maabara, na wanafunzi wangu hapa Nakuru wananiona mshamba kidogo.

Si mimi peke yangu. Wataalamu wa Uingereza walipotengeneza mizani ya kubashiri vifo vya korona hospitalini mwaka 2020, ile inayoitwa 4C, walijaribu vitu vingi na wakabaki na vinane tu: umri, jinsia, idadi ya magonjwa mengine aliyonayo mtu, kasi ya kupumua, kiwango cha oksijeni, fahamu, yurea (taka ambayo figo huitoa kwenye damu) na CRP (protini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi). Limfosaiti hazimo. Si kwamba hazina habari. Ni kwamba ukishajua umri wa mtu, pumzi zake na oksijeni yake, limfosaiti haziongezi mengi. Na kati ya hivyo vinane, viwili tu vinahitaji sindano. Kule Hong Kong nako, kundi jingine la wagonjwa 138 wa SARS lilipochambuliwa, vilivyosimama kama dalili za hatari vilikuwa umri mkubwa, kimeng'enya kiitwacho LDH kupanda sana, na nyutrofili kuwa juu siku ya kwanza.

Hizo nyutrofili, chembe nyeupe zinazopigana hasa na bakteria, ndizo NEU kwenye karatasi yenu, na zinanileta kwa L yako ya kwanza, WBC 3.6, yaani jumla ya chembe nyeupe zote. Hapa nitakaa kidogo, maana jambo hili linawahusu watu wetu na wengi, hata madaktari, hawalisemi.

Mashine nyingi za maabara zinakuja na viwango vilivyopangwa kutokana na damu ya watu wa Ulaya na Marekani. Mashine haimjui mzee wa Ahero. Inajua tu kwamba 3.6 ni chini ya 4, basi inapiga L. Lakini watu wengi sana wenye asili ya kusini mwa Sahara hatuna protini moja kwenye chembe nyekundu iitwayo Duffy. Kukosa protini hiyo ni urithi uliotukinga na aina ya malaria iitwayo vivax, ambayo huitumia Duffy kama mlango wa kuingilia. Urithi huohuo unafanya nyutrofili zinazozunguka kwenye damu kuwa chache. Hazijapungua mwilini na hazina ulegevu wowote, ila nyingi hukaa kwenye tishu badala ya kuzurura barabarani. Utafiti uliofanywa kwa watu wazima wenye afya huko Kericho, na mwingine kwa vijana wa mashambani magharibi mwa Kenya, uliona mambo ya namna hiyo: viwango vyetu vya kawaida havilingani na vya Marekani, na mtu mzima asiye na ugonjwa wowote anaweza kupigiwa L bure.

Kwa hivyo nina ombi. Baba ana sukari, na lazima amewahi kupimwa damu kliniki ya sukari au kabla ya upasuaji wowote. Tafuteni karatasi ya zamani, hata ya miaka mitatu iliyopita, kwenye ile mifuko ya plastiki ambayo wazee huhifadhia kila kitu. Ikiwa wakati ule akiwa mzima WBC ilikuwa 3.9 au 4.2, basi L hiyo muifute kichwani. Kipimo bora cha damu ya mtu ni damu yake mwenyewe ya jana.

Angalia lakini: Duffy inahusu nyutrofili, haihusu limfosaiti. Hiyo 0.6 haiwezi kujificha nyuma ya urithi. Ni ya kweli.

Kuna hesabu ndogo ambayo huenda mtu akakufanyia, ya kugawa nyutrofili kwa limfosaiti. Kwa baba ni 2.6 gawanya kwa 0.6, inakuja 4.3. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi huwa kati ya 1 na 3, na uwiano ukipanda maana yake mwili umeacha mapigano ya kawaida na kuingia kwenye hali ya dharura. Ni hesabu ninayoipenda kwa sababu haihitaji pesa zaidi, namba zote mbili ziko kwenye karatasi. Lakini mipaka inayotajwa mtandaoni imetoka China na Ulaya, kwa watu wenye nyutrofili nyingi kuliko sisi. Mzee wetu ambaye kwa kawaida yake anakaa kwenye 1 akifika 4.3 amesafiri mbali zaidi kuliko Mzungu aliyeanzia 2.5. Kwa hiyo siwezi kukuambia uipuuze. Ninachosema ni kwamba inanifanya nitake kumwona tena, haraka kuliko kliniki ilivyopanga.

Sasa PLT 118, chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Zaidi kidogo ya theluthi moja ya waliopimwa kati ya wale wagonjwa 1,099 wa China walikuwa nazo chini ya 150, kwa hiyo korona inaweza kuzishusha bila msaada wa mtu. Kwa 118 sitarajii atokwe damu puani wala kwenye fizi, hilo lisikusumbue. Kinachonisumbua mimi ni neno Ahero. Mtu anayelala karibu na mashamba ya mpunga, ana homa, na chembe sahani zake zimeshuka: kwa ukanda wa ziwa hiyo ni malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kama pua imeonyesha korona. Malaria hushusha chembe sahani kwa wagonjwa wengi sana, na huweza kushusha limfosaiti vilevile. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa wiki moja. Kipimo cha haraka cha kidoleni kinaweza kukosa vimelea vikiwa vichache, hivyo homa ikiendelea, rudini apimwe kwa slaidi na darubini. Hili ndilo swali ambalo naona kliniki haikulimaliza.

Na mwenye darubini akiwa hapo hapo, mwombeni kwa heshima aangalie kama chembe sahani zimeshikana. Kile kichupa chenye kifuniko cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, na kwa watu wachache dawa hiyo hufanya chembe sahani zigandamane mafungumafungu. Mashine haiwezi kuhesabu fungu, inaliruka, kisha inatoa namba ya chini ya uongo. Mtaalamu wa maabara mzuri hulijua hili na hatakasirika kuulizwa.

Jambo jingine dogo kwenye karatasi yenu. Ukijumlisha nyutrofili na limfosaiti unapata 3.2, zinabaki 0.4 za kugawana chembe nyingine zote. Tazama mstari wa EOS, eosinofili. Mkulima anayesimama kwenye maji ya mpunga mwaka mzima aghalabu huwa nazo juu, kwa sababu ya kichocho na minyoo mingine. Ikiwa sasa zimesoma sufuri, ni kwa sababu maambukizi makali huzifukuza kwenye damu. Zikianza kurudi kwenye kipimo kijacho, mara nyingi ni ishara kwamba mwili unaanza kupumua. Ni ishara ya bure, na sijui kwa nini hatuitazami zaidi.

Vipimo vingine mtakavyotajiwa ni D-dima (mabaki ya damu iliyoganda), feritini (protini inayohifadhi madini ya chuma) na ile CRP. Huko Wuhan, kati ya wagonjwa 191 waliochunguzwa mwanzoni, D-dima iliyozidi mikrogramu 1 kwa mililita siku ya kulazwa iliambatana sana na kifo. Lakini hupanda pia kwa uzee wenyewe na kwa maambukizi mengine mengi. Kwa mzee anayekula na kuongea nyumbani, sioni sababu ya kutumia pesa hizo leo. Akilazwa, madaktari watajua wanachotaka.

Sasa deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, jirani anisamehe. Msimpe. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2020 uliitwa RECOVERY, na ndio uliotupa dawa hii: miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10. Ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wanapewa oksijeni. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikusaidia, na kulikuwa na dalili kwamba huenda iliwadhuru. Baba hajafika huko. Juu ya hayo ana sukari, na vidonge hivyo vidogo vya kemisti vitaipandisha sukari yake kwa siku mbili mpaka mtashangaa. Tena kuna hila nyingine: deksamethasoni yenyewe hushusha limfosaiti na kupandisha nyutrofili. Mkimpa leo kisha mkampima keshokutwa, karatasi itaonekana mbaya zaidi, jirani atasema "nilisema," na hakuna daktari atakayeweza kutenganisha kazi ya virusi na kazi ya kidonge. Kama tayari amekwisha kupewa, hata sindano moja, mwambieni daktari atakayemwona.

Ninachotaka mfanye kuanzia leo hakihitaji maabara. Asubuhi na jioni, mzee akiwa ameketi ametulia na hajui unamhesabia, tazama kifua chake na uhesabu pumzi kwa dakika nzima, si nusu dakika kisha ukazidisha mara mbili. Chini ya 20 niko na amani. Kati ya 20 na 30 nipigieni, au mpigieni yeyote anayemtibu. Ikifika 30, msingoje kuche, chukueni gari. Kama mnaweza kuazima kile kidude cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni, bora zaidi. Kidole kiwe na joto na hakina hina wala rangi ya kucha. Ahero na Kisumu ziko kwenye mita 1,100 na kidogo juu ya bahari, kwa hiyo natarajia 95 au zaidi. Hapa Nakuru, kwenye mita 1,850, huwa sishtuki na 94 kama ambavyo ningeshtuka nikiwa huko. Chini ya 94 aonwe siku hiyohiyo, na chini ya 90 ni dharura. Halafu mwache atembee uani kwa dakika moja, mpime tena. Ikishuka kwa 3 au zaidi, mapafu yanaficha jambo.

Kuna aibu moja ya vidude hivyo ambayo lazima niiseme. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kidude kilikosea kwa kusoma oksijeni juu kuliko ilivyo, karibu mara tatu ya kilivyokosea kwa weupe. Ngozi yetu hukipotosha. Kwa hivyo kikisema 93, usijifariji kwamba ni karibu na 94. Chukulia kwamba ukweli unaweza kuwa chini zaidi. Hii ndiyo sababu nyingine ninahesabu pumzi kwa macho.

Siku nazo zina uzito. Baba yuko siku ya tano, siku ya sita ukihesabu leo. Korona ina tabia ya kumgeuka mtu kati ya siku ya saba na ya kumi, mara nyingi akiwa ameanza kusema amepona. Kwa umri wa miaka 67 na sukari, na limfosaiti 600, simpeleki kulazwa leo kwa sababu ya karatasi, lakini pia simrudishi Ahero alale peke yake kwenye nyumba iliyo mbali na barabara. Akae nawe Kisumu mpaka siku ya kumi na mbili hivi. Mpunga utamngojea, au ndugu zako waende wakauangalie. Sukari apimwe kila siku. Akianza kuchanganya maneno, akalala kupita kiasi, akakataa chakula, midomo ikabadilika rangi, au homa iliyokuwa imetoka ikarudi na makohozi ya rangi ya kutu au usaha, ni safari ya hospitali. Hilo la mwisho huwa ni bakteria wanaoingia nyuma ya virusi, na hapo utaona kwenye damu nyutrofili zimeruka ghafla juu. Antibayotiki ina kazi yake siku hiyo. Leo haina.

Kipimo cha damu kirudiwe baada ya saa 48, kwenye maabara ileile na mashine ileile ikiwezekana, kwa sababu mashine mbili tofauti hazikubaliani hata kwa damu ya mtu mmoja. Usitazame herufi. Tazama namba zinaelekea wapi. Limfosaiti zikitoka 0.6 zikafika 0.8, nitafurahi ingawa mashine bado itaandika L. Zikibaki 0.6 na pumzi zake ni nzuri, tutasubiri. Zikishuka hadi 0.4 huku nyutrofili zinapanda na chembe sahani zimeshuka chini ya 100, nitataka alale pahali penye oksijeni hata kama anatembea na kucheka. Namba moja ni picha ya siku moja. Namba mbili ndizo zinazoanza kusema kitu kuhusu kesho.

Na akishapona, mmpime tena baada ya wiki nne hadi sita. Limfosaiti zikiwa bado chini wakati hana homa wala kikohozi, virusi hivi vitakuwa si sababu tena, na itabidi kutafuta nyingine, ikiwemo kifua kikuu na virusi vya UKIMWI. Nasema hivi bila kumtuhumu mzee wa watu. Ni vipimo ninavyomfanyia kila mtu katika hali hiyo, na kwa ukanda wetu ningekuwa mzembe nisipovitaja.

Kwa wasomaji wenye watoto wachanga wanaotaka kulinganisha karatasi zao na ya mzee huyu: msifanye hivyo. Mtoto chini ya miaka minne au mitano kwa kawaida ana limfosaiti nyingi kuliko nyutrofili, na mashine iliyopangwa kwa watu wazima itampigia H, yaani High, juu ya kiwango, bila sababu. Kwa mtoto anayehema kwa virusi vya RSV, vinavyoshambulia mapafu ya watoto wadogo, hemogramu hainiambii mengi. Mbavu zinazobonyea na titi analolikataa vinaniambia.

Akinyi, mkienda kurudia kipimo, bebeni karatasi ya jana, ile ya zamani mtakayoipata Ahero, orodha ya dawa zake za sukari, na daftari lenye pumzi ulizohesabu na saa ulizohesabu. Mwombe baba asinywe chai kabla hujampima oksijeni, maana kikombe cha moto hupasha vidole na kukupa namba ya kukufurahisha upande mmoja tu. La, hilo la chai nimetania. Anywe chai yake, vidole vya moto ndivyo vinavyosoma vizuri.